UZI: Tofauti za kitabaka kwenye hadithi fupi zinaonekana mlangoni, sio sebuleni

Mwanzisha uzi

Wakuu habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, kuna kitu kimenisumbua karibu mwaka mzima na juzi ndo nimeanza kukielewa, nikaona nisikae nacho peke yangu maana najua humu kuna watu mnaandika hadithi fupi na wengine mnazisoma usiku kucha.

Iko hivi. Niliandika hadithi ya kijana fundi bomba, anaishi chumba kimoja na mama yake mgonjwa, siku moja anaitwa kwenye nyumba ya watu wenye pesa kurekebisha bomba la jikoni. Aya ya kwanza nikakimwaga chumba chao chote, bati linavuja, godoro limebonyea katikati, ndoo ya maji iko kwenye kona, pazia lina matundu. Aya ya pili nikaimwaga nyumba ya tajiri, geti linalojifungua lenyewe, bustani, taa zinaning'inia, zulia la kuzamisha mguu. Nikajiambia hapo utabaka nimeuonyesha vilivyo. Nikaituma kwenye jarida moja, ikarudi. Mhariri aliandika mstari mmoja tu, kwamba ameziona nyumba mbili ila hadithi hajaiona.

Iliniuma sana. Nikakaa na hasira zangu wiki kadhaa, baadaye nikairudia nikiwa nimetulia, nikakuta mhariri kasema kweli. Zile aya mbili zilikuwa kama picha mbili zimetundikwa ukutani, moja huku nyingine kule, katikati hakuna kinachopita. Msomaji anaona huyu hana huyu anacho, haya, kwani nani hajui kwamba duniani kuna wasio nacho na walio nacho? Anafungua hadithi yangu akiwa anajua na anaifunga akiwa anajua kile kile.

Nilichokuja kugundua, na hili ndo nataka tulijadili, ni kwamba mandhari inaanza kufanya kazi pale mtu wa upande mmoja anapolazimika kuvuka kwenda upande wa pili, kwa miguu yake, na zile nguo alizovaa na kile alichoshika mkononi. Mlangoni, getini, kwenye ngazi, kwenye kile kipande cha barabara kinachotenganisha. Hapo ndo sheria ambazo hakuna aliyewahi kuziandika zinajitokeza zenyewe: nani anapita mlango wa mbele na nani anazungushwa nyuma, nani anaambiwa karibu kiti na nani anaachwa amesimama mpaka miguu iume, nani anavua viatu. Kwenye riwaya una kurasa mia tatu za kuujenga ulimwengu taratibu. Hadithi fupi haikupi nafasi hiyo, una kurasa nane, kumi, kwa hiyo mahali penyewe panatakiwa pawe tayari pana ugomvi ndani yake.

Aliyenifundisha hili ni Katherine Mansfield. Huyu mama alizaliwa Wellington kule New Zealand mwaka 1888, baba yake mfanyabiashara aliyefika mpaka uongozi wa benki, yani alikulia upande wa wenye nafasi, akafa 1923 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 34 tu. Mwaka mmoja kabla ya kufa, 1922, alitoa hadithi inaitwa The Garden Party. Familia ya Sheridan wanaandaa sherehe bustanini kwao, mafundi wanasimamisha hema, maua yanaletwa kwa matrei, kila mtu yuko mbioni. Katikati ya pilika habari zinaingia kwamba mwendesha mkokoteni mmoja amekufa, farasi wake alishtuka akamrusha chini, ameacha mke na watoto watano. Na alikuwa anakaa kwenye vijumba vilivyo bondeni, hapo hapo chini ya nyumba yao, ni barabara tu inayowatenganisha. Binti mmoja, Laura, anasema basi sherehe tuiahirishe, hatuwezi kupiga muziki mtu amelala maiti hapo chini. Dada yake anamshangaa, mama yake naye anamshangaa.

Sasa angalieni anavyovionyesha hivyo vijumba. Hakuna mahali anahubiri kuhusu umaskini. Anaangalia moshi. Moshi wa bondeni unatoka vipande vipande kama matambara, wa kwa kina Sheridan unapanda mkubwa, wa rangi ya fedha. Moshi wakuu! Kila nyumba yenye moto inatoa moshi, na hata huo una tabaka lake. Mimi nilihitaji bati, godoro, ndoo na pazia, yeye katumia moshi.

Halafu kuna kofia. Laura akiwa bado anabisha mama yake anavua kofia yake mwenyewe anamvika, kofia nyeusi ina maua ya dhahabu na utepe mrefu wa mahameli. Binti anajiona kwenye kioo, kapendeza kweli kweli, na yule mjane na watoto wake wanaanza kufifia kichwani kama picha ya gazetini. Sherehe inafanyika, inafana, inaisha. Jioni mama anapata wazo la kuwapelekea wafiwa mabaki ya vitafunwa kwenye kikapu, anamtuma Laura. Giza linaanza kuingia, binti anavuka ile barabara na gauni lake linalong'aa na ile kofia kichwani, kule uchochoroni watu wamesimama mlangoni wanampisha, ndo anashtuka kwamba hajaivua. Anaingizwa ndani, anapelekwa mpaka kwenye maiti, na neno linalomtoka pale ni kumwomba marehemu amsamehe kwa hiyo kofia.

Nimesoma hapo mara nyingi na bado nikifika napumua kwa nguvu. Kofia ni ile ile ya kwenye kioo, kaivusha barabara tu.

Naomba maoni yenu, na kama kuna hadithi nyingine mnayoona inafanya hivi au inapinga ninachosema leteni.

Kalamu ya Jioni

Uzi mzuri sana mkuu, nimeusoma wote. Kuna kadetaili umekaruka kwenye hiyo hiyo hadithi, mama alitaka Laura apeleke na yale maua meupe pia, dada mtu akasema vikonyo vyake vitachafua gauni, basi yakaachwa. Mimi hapo ndo niliishiwa nguvu, maana mkono wa kutoa upo, unazuiwa na doa la kwenye nguo.

Na mimi nichangie hadithi yangu ya siku zote, ya mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant, La Parure, ya 1884, ile ya mkufu. Watu wakiitaja wanarukia mwisho wake, kwamba mkufu ulikuwa bandia. Mimi sehemu ninayoipenda ni wakati wa kutoka kwenye dansi. Mathilde ni mke wa karani wa wizara, kanunuliwa gauni la faranga 400 ambazo mume alikuwa kaziweka anunue bunduki ya kuwindia, kaazima mkufu kwa rafiki yake tajiri, usiku mzima yeye ndo mzuri kuliko wote, kila mwanaume anauliza huyu nani. Saa kumi alfajiri wanataka kuondoka, mume anamtupia mabegani vazi lake la kila siku la kujikinga na baridi. Mwandishi anasema umaskini wa lile vazi ulikuwa unagongana na uzuri wa gauni. Wanawake wengine wanajifunika manyoya ya bei mbaya, yeye anataka kukimbia wasimwone. Mume anamwambia subiri humu ndani nikaite gari, utapata baridi, hasikii, anashuka ngazi mbio. Wanatembea mpaka mtoni wanatetemeka, wanapata kigari kimoja chakavu, vile ambavyo ni kama vinaona aibu kuonekana mchana.

Nyumbani mbele ya kioo ndo anagundua mkufu hauko shingoni.

Umeona? Mwandishi hasemi ulidondokea wapi. Kilichopo kati ya kuwa nao na kutokuwa nao ni ule mlango, zile ngazi na kile kigari. Angesubiri ndani kwa utulivu kama wenye manyoya labda ungeonekana. Aibu ya lile vazi ndo imemkimbiza, na gharama yake ni faranga 36,000 za kununua mkufu mwingine wa kumrudishia rafiki, na miaka 10 ya kulipa deni kwa kusugua sakafu na kupandisha ndoo za maji ngazini huku anapumzika kila ghorofa. Kwa mkufu ambao thamani yake haikuzidi faranga 500.

Mwanzisha uzi

Kalamu ya Jioni asante sana, hiyo ya ngazi sikuwahi kuiangalia hivyo, nimesoma hadithi hiyo miaka yote nikijua ni hadithi ya mkufu. Na ngazi zinarudi tena baadaye kwenye hizo ndoo, ile usiku alishuka mbio hataki kuonekana, na hizi za miaka 10 anazipanda kwa kusimama simama. Nyumba yenyewe waliyohamia ni chumba cha juu kabisa chini ya paa. Yani kushuka kitabaka kumempandisha ghorofa.

Msomaji Kimya

Mimi huwa sikomenti ila leo nimeshindwa. Swali langu mkuu, na hadithi ambayo hakuna anayevuka popote? Mimi naandika moja yote iko ndani ya chumba kimoja, mtu mmoja, usiku mmoja. Kwa maelezo yako sina mlango, sasa utabaka nauonyeshaje?

Mwanzisha uzi

Swali zuri. Msome Chekhov, mwandishi wa Urusi, hadithi inaitwa Vanka, ya 1886. Mtoto wa miaka 9 amepelekwa mjini Moscow kwa fundi viatu ajifunze kazi. Ni mkesha wa Krismasi, bosi na mkewe na mafundi wengine wameenda kanisani, mtoto kabaki peke yake, anachukua kalamu na kikaratasi kilichokunjamana anamwandikia babu yake kijijini aje amchukue maana anapigwa na hashibi. Chumba kimoja, mtu mmoja, usiku mmoja, kama yako kabisa.

Anayevuka pale ni barua. Inatoka kwenye hicho chumba kwenda kijijini ambako kuna theluji, mbwa, na babu anayelinda nyumba ya mabwana. Halafu mtoto anapoandika anuani anaweka tu kwamba ni ya babu, kijijini, anafikiri kidogo anaongeza jina la babu. Basi. Anakimbia kuitumbukiza kwenye sanduku la posta, anarudi analala ana matumaini. Mlango upo na umefungwa, sisi tunaujua na yeye haujui.

Na angalia alivyomweka huyo mtoto anapoandika, karatasi iko juu ya benchi na yeye amepiga magoti mbele yake. Unaweza kusema ni kwa sababu hana meza, na ni kweli hana meza, lakini tayari ushamwona mtoto anaomba kwa magoti kabla hujasoma neno moja la barua yake.

Kwa hiyo kwenye hadithi yako jiulize ni kitu gani kinaingia au kinatoka humo chumbani. Sauti ya jirani, bili, nguo ya mtu mwingine aliyopewa aishone, simu, mwanga wa gari unaopita ukutani. Kitu kimoja tu cha upande wa pili kikishaingia chumba kinagawanyika.

Mzee wa Drafti

Nimesoma nikawa natikisa kichwa, naomba nipinge kidogo kwa heshima. Naona mnaipa mandhari sifa isiyo yake. Hadithi ni mtu. Laura angekuwa binti mwenye roho ngumu angevuka barabara na kofia yake asijali chochote na hadithi isingekuwepo. Mathilde angekuwa mwanamke mwenye kuridhika angevaa lile vazi lake akaita gari kwa raha zake. Nyie mnasema mlango, mimi nasema moyo.

La pili, na hili linanikera miaka mingi sasa, hadithi za matabaka karibu zote tunazoletewa na waandishi chipukizi ni zile zile. Tajiri ana kitambi, ana dharau, anapiga kelele. Maskini ni mpole, mcha Mungu, anaonewa mpaka mwisho. Nikishafika aya ya tatu najua itakavyoisha. Kama huko ndo kuonyesha utabaka basi mimi naomba hadithi za mapenzi.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, la pili nakubaliana na wewe kwa mikono miwili, na naomba niliongelee kwa kirefu maana ndo lilikuwa kosa langu jingine. Tajiri wangu alikuwa na kitambi kweli.

Tajiri mbaya anampa msomaji pa kukimbilia. Anasema alaa, shida ni huyu bwana, angekuwa mtu mwema mambo yangekuwa sawa. Mama Sheridan hajamtukana mtu, hampigi mtu, ana upendo kwa watoto wake, na mwisho wa siku ndo yeye anayepata wazo la kupeleka kikapu. Anatoa! Ila anatoa kilichobaki na anaona wazo lake ni zuri sana. Hakuna wa kumchukia pale na ndo maana inakubana, maana ukijiangalia vizuri na wewe una kikapu chako mahali.

Na upande wa pili vile vile, wale mafundi wa hema hawajawekwa pale ili tuwahurumie. Mmoja wao, mrefu, anainama anabana kijitawi cha lavenda anakinusa kwenye vidole vyake. Laura anamwangalia anashangaa, anajiuliza vijana wangapi anaowafahamu yeye wangejali harufu ya ua, na hapo anaanza kuona haya mambo ya matabaka ni upuuzi mtupu, anatamani kuwa na marafiki kama hawa kuliko wale vijana anaocheza nao dansi. Asubuhi hiyo anaamini kabisa kwamba kwake yeye hakuna mpaka. Mchana anavikwa kofia. Kama tungeanza moja kwa moja na msiba tusingejua amepoteza nini.

Sasa la kwanza, moyo na mlango. Mzee hapa naomba tusivitenganishe. Moyo wa Laura tunauona kwa sababu kuna barabara ya kuvuka. Angebaki bustanini angekuwa binti mwenye huruma za maneno, na huruma za maneno hazina uzito wowote kwenye karatasi. Mathilde akiwa nyumbani analalamika tu, wengi tunalalamika. Mwandishi anamtoa mtu alipozoea anamweka mahali ambapo mwili wake wenyewe unamsaliti, ndo moyo unatoka nje tukauona.

Mfano mwingine wa haraka, Gogol, naye mwandishi wa Urusi, hadithi ya koti, The Overcoat, ya 1842. Karani mdogo Saint Petersburg, mshahara rubo 400 kwa mwaka, koti lake limechakaa fundi anakataa hata kulitia kiraka. Anajinyima miezi, jioni hanywi chai, hawashi mshumaa, anatembea kwa kunyata asimalize soli, mpaka anafikisha rubo 80 za koti jipya. Siku anayolivaa anaalikwa na mkubwa mmoja wa ofisini. Na Gogol anaifuata ile safari: mitaa ya kwake ina taa hafifu na watu wachache, kadiri anavyokaribia kwa mwenyeji wake mitaa inachangamka, taa zinaongezeka, watu wamevaa vizuri, magari ya farasi yana rangi. Halafu anarudi usiku, taa zinapungua, zinapungua, mpaka anafika kwenye uwanja mmoja mkubwa mtupu, na hapo ndo wanamvua koti. Ukitaka kujua kila mtaa ni wa tabaka gani unahesabu taa. Na wezi wamepatikana pale ambapo taa zimeisha, kwa hiyo ule mwanga uliokuwa unaonekana ni pambo la safari ya kwenda, kukosekana kwake ndo kulikomponza safari ya kurudi. Moyo wa huyu karani ni mdogo na mpole mwanzo hadi mwisho, haubadiliki sana. Kinachobadilika ni taa.

Mzee wa Drafti

Hapo kwenye taa umenifunga mdomo. Nimeisoma hiyo hadithi ujana wangu na sikumbuki taa kabisa, nakumbuka baridi. Nitaitafuta tena wiki hii. Ila msimamo wangu kwamba mtu ndo wa kwanza bado uko pale pale.

Bintihadithi

Naomba niingie kwa upande mwingine ambao hamjaugusa. Mimi kazi yangu ni kusoma drafti za watu na kuzirudisha na maoni, nasoma nyingi kila mwezi, na kuna mambo mawili huwa nayakuta kwenye hadithi za matabaka karibu zote.

La kwanza ni majina. Mwenye nyumba ana jina, mkewe ana jina, mtoto ana jina, hata mbwa ana jina. Mlinzi anaitwa mlinzi. Dada wa kazi anaitwa dada wa kazi mpaka hadithi inaisha. Sisemi kila mtu apewe jina, nasema mwandishi ajue anachofanya. Kama msimulizi anasimama ndani ya kichwa cha mwenye nyumba ambaye hajui jina la mlinzi wake, basi kutomtaja jina ni silaha kali, iache. Lakini kama msimulizi ni wewe mwenyewe unayejua kila kitu, na umejua jina la mbwa ukasahau la mlinzi, basi hapo umetuonyesha tabaka lako wewe bila kukusudia.

La pili ni swali la nani anaangalia. Kwenye hiyo The Garden Party hatuingii kichwani mwa mjane hata sekunde moja. Tunamwona amekaa mbele ya moto, uso umevimba, macho yamevimba, anamwangalia huyu binti kama haelewi mgeni huyu na kikapu anataka nini jikoni kwake. Hapo watu wengine wanamlaumu mwandishi kwamba kampa sauti tajiri tu. Mimi naona kafanya kitu cha kweli, alipofika Laura ndo anapofika msomaji, mlango umemfungukia ila bado hajaingia. Ukimwachia msimulizi aingie kwenye vichwa vyote viwili kwa usawa unaua ule ukuta ambao ndo stori yenyewe. Chagua upande mmoja, simama hapo, na ule upande wa pili uonekane kwa kadiri macho ya huyo mtu yanavyofika. Kama macho yake hayafiki mbali basi na sisi tuuone huo umbali.

Na hapa namjibu mwanzisha uzi, hadithi yako ya fundi bomba uliandika kwa macho ya nani? Maana hilo zulia la kuzamisha mguu lina mguu wa nani?

Mwanzisha uzi

Dah. Hilo swali la mguu limenipiga.

Niliandika kwa macho ya hakuna mtu. Nilikuwa nazunguka nyumba kama mnunuzi. Baada ya ule mstari wa mhariri niliandika drafti ya pili na nitaweka kipande hapa mnisaidie, nimekaa nacho tangu mwezi uliopita:

"Aliambiwa avue viatu nje. Alikuwa hajafikiria hilo alipotoka nyumbani, angefikiria angevaa ile soksi nyingine. Ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akaingia jikoni amekikunja kidole ndani kama mtu anayeficha sarafu, akatembea hivyo hivyo juu ya vigae vya baridi mpaka kwenye sinki, na alipopiga magoti kufungua kabati la chini akakumbuka kwamba mtu akipiga magoti nyayo zinaangalia nyuma, na nyuma yake mama mwenye nyumba alikuwa amesimama."

Bado ina aya zile mbili za mwanzo, chumba na nyumba, sijaweza kuzifuta. Naogopa nikizifuta msomaji hatajua kwamba ni maskini.

Kalamu ya Jioni

Mkuu tundu la soksi limesema yote. Futa.

Bintihadithi

Ukisema "ile soksi nyingine" nimeshajua ana jozi ngapi. Futa tu usiogope. Na hiyo ya nyayo kuangalia nyuma usiiguse, iache kama ilivyo.

Mzee wa Drafti

Mimi nitawashangaza, nasema asifute yote. Nimerudi kuisoma ile posti yako ya kwanza kabisa, ile orodha ya chumba. Bati, godoro, ndoo ya maji kwenye kona, pazia. Kijana ni fundi bomba. Anashinda kutwa kwenye nyumba za watu anahakikisha maji yanatoka ukutani, halafu kwao maji yako kwenye ndoo, maana yake nyumba yao haina bomba. Umekiweka hicho kitu katikati ya godoro na pazia kama kifaa tu cha ndani. Hadithi yako yote iko kwenye hiyo ndoo kijana wangu na wewe umeipita.

Mwanzisha uzi

Mzee, nimekaa dakika kumi naangalia hii komenti yako. Sijawahi kuiona. Naapa sijawahi kuiona, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe na sikuiona, niliiweka tu kwa sababu vyumba vya maskini kwenye hadithi huwa vina ndoo.

Msomaji Kimya

Na mama yake ni mgonjwa. Nani anamjazia hiyo ndoo kijana akiwa kazini?

Mwanzisha uzi

Msomaji Kimya umeniua kabisa. Hajazi mtu. Anaijaza yeye alfajiri kabla hajatoka, na lazima itoshe mpaka atakaporudi. Kwa hiyo siku hiyo anapochelewa kwa watu, bomba linasumbua, yule mama mwenye nyumba anafungua maji kujaribu anayaacha yanamwagika tu kwenye sinki wakati anaongea na simu, na yeye amepiga magoti chini na kidole kimekunjwa anayasikiliza yanavyopita kwenye bomba juu ya kichwa chake, anahesabu.

Godoro, bati na pazia navifuta. Aya ya nyumba ya tajiri naifuta yote na geti lake na taa zake. Inabaki ndoo tu, anaijaza, anaifunika, anaiweka karibu na kitanda mkono wa mama ufike, anavaa soksi gizani bila kuangalia, anatoka. Naenda kuandika sasa hivi, nikimaliza nitairudisha hapa hapa.